Mto alisema, wala si mto ulisema: kwa nini ninaandika fantasia

MLETA UZI

Wasomaji wenzangu, natumaini hamjambo. Tangu nianze kuandika hadithi za Kiswahili hapa Nairobi, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine yote ni kwa nini niandike fantasia, yaani bunilizi ambamo mito hunena na marehemu hurudi kudai kodi ya nyumba, ilhali mji huu umejaa visa vya kweli ambavyo bado havijapata mwandishi. Wanaouliza hawanikejeli, wanaipenda fasihi, na wanaona kana kwamba ninaipotezea wakati. Nimezoea kuwajibu kwa maneno machache na kubadilisha mazungumzo, jambo ambalo si haki kwao wala kwangu. Leo nataka kujibu kwa ukamilifu, na itanibidi nianzie kwenye kosa la sarufi.

Mswada wangu wa riwaya ulirudi kutoka kwa mhariri ukiwa umejaa wino mwekundu. Sentensi ya kwanza kabisa ilisema, "Mto alisimama mlangoni, akachungulia ndani, akauliza kama tumeshakula." Mhariri alikuwa ameizungushia duara herufi "a" ya "alisimama" na kuandika "u" juu yake, kisha pambizoni akaandika kwa mwandiko safi: "Mto, ngeli ya U-I." Ukurasa wa pili ulikuwa hivyo hivyo, na wa tatu pia. Nilihesabu masahihisho 43 ya aina hiyo. Kwa mujibu wa vitabu vya sarufi alikuwa sahihi mara zote 43, nami nilikaa na karatasi zile mezani mpaka chai ikapoa, nikiona kwamba kila "u" ilimtoa mtu nyumbani mwangu na kuacha maji matupu.

Yule Mto sikumzua mimi. Nilipewa na jirani. Mwishoni mwa Aprili 2024, mvua zilipozidi na Mto Mathare ukafurika usiku, nilikuwa nikiishi kwenye chumba cha mabati hatua chache kutoka ukingoni, na chumba cha pili aliishi mama anayekaanga mandazi alfajiri. Ndiye aliyetuamsha. Aligonga bati lililotutenganisha kwa mwiko, akipaza sauti: "Amekuja! Amkeni, amekuja!" Nilidhani ni mwenye nyumba. Naomba mlielewe hilo, kwa sababu ndipo riwaya nzima ilipozaliwa: katika giza lile, stima ikiwa imekatika, mkono wangu haukwenda kwenye viatu wala kwenye tochi, bali ulikwenda chini ya godoro kuitafuta bahasha ya kodi. Nilipofungua mlango nikahisi baridi kwenye vifundo vya miguu. Maji yaliingia bila kishindo, yakabeba ndara moja, kisha karai, kisha daftari za mtoto zilizokuwa zimepangwa juu ya kiti cha plastiki, na daftari zile zikawa zinafunguka moja moja zikielekea mlangoni.

Wiki kadhaa baadaye nilimwuliza yule mama kwa nini hakusema "yamekuja", akimaanisha maji, au "umekuja", akimaanisha mto. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe. "Kwani wewe ungemwitaje?" akasema. "Huyu tumeishi naye."

Nilijaribu kwanza kuandika kisa kile kama kilivyotokea. Nilikuwa na tarehe, nilikuwa na alama ya matope ukutani iliyonifika kiunoni, nilikuwa na sauti za watu. Kurasa zile zilikuwa za kweli kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila aliyezisoma alisema "pole" kwa unyoofu, kisha akasema aliona kwenye televisheni. Hapo ndipo nilipotambua tatizo. Msomaji wa Nairobi ameonyeshwa mafuriko mara nyingi hivi kwamba anayo sehemu tayari kichwani ya kuyaweka, na kurasa zangu ziliwekwa papo hapo, juu ya nyingine. Hakuna aliyezipinga, na hakuna aliyezibeba kwenda nazo nyumbani. Lakini kila niliposimulia jinsi jirani alivyosema "amekuja", watu walinyamaza, na baadhi yao waliniomba nirudie.

Basi nikalifuata neno lile kuona litanifikisha wapi. Ikiwa Mto ni wa ngeli ya A-WA, ana kumbukumbu, ana madai, anaweza kuitwa na akakataa kuitika, anaweza kuwa na hatia au akasingiziwa. Hii ndiyo kazi ya fantasia kama ninavyoielewa. Mwandishi hubadilisha jambo moja tu katika sheria za ulimwengu, kisha analipa gharama yote ya badiliko hilo bila kudanganya. Watu husema kwamba mwandishi wa fantasia yuko huru kufanya apendalo, lakini kwangu imekuwa kinyume. Anayeandika uhalisia akikosea jambo dogo, dunia yenyewe humsaidia, kwa sababu msomaji anaifahamu Barabara ya Juja hata kama imeelezwa vibaya, ilhali dunia yangu haina mtu wa kuisaidia isipokuwa sheria niliyoiweka mwenyewe.

Sheria yangu ni hii: Mto anaweza kutamka tu maneno yaliyotupwa ndani yake. Sikuipata kwa kuwaza. Nilisimama darajani asubuhi kadhaa na kuandika nilichokiona kikipita: pakiti za maziwa, mfuko wa unga, tikiti ya kamari, bango la mahubiri, na siku moja jalada la daftari lenye mistari miwili, "Jina" na "Darasa", jina likiwa limefutwa na maji na darasa likisomeka bado kwa kalamu ya risasi: la nne. Hizo ndizo lugha zake. Mto wa riwaya yangu huzungumza kwa bei, kwa tarehe za mwisho wa matumizi, kwa ahadi za wagombea na kwa hesabu za kugawanya. Akitaka kueleza upendo hulazimika kusema, "Hifadhi mahali pakavu." Nilifika sura ya saba nikahitaji aseme "pole" kwa mama aliyepoteza kila kitu, na nikashindwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtupia neno hilo. Nilikaa na sura hiyo majuma matatu. Katika hadithi ya kawaida ningeliandika mara moja na kuendelea, wala nisingejua kamwe kwamba neno hilo halipo.

Nikumbushe pia kwamba njia hii si ngeni kwetu. Shaaban Robert alipochapisha riwaya ya "Kusadikika" mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza, aliiweka nchi yake ya kubuni angani. Huko mhusika Karama anashtakiwa kwa sababu ya kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, ambao kila mmoja alirudi na mema ya kuifaa nchi akalipwa kifungo. Wahakiki wengi wameisoma kama habari ya utawala wa kikoloni, na sidhani wamekosea, lakini mimi huvutiwa na jambo jingine: kwamba wajumbe wale wamepangwa pande sita, kwa hiyo msomaji anapofika kwa wa sita hawezi tena kusema kwamba ilikuwa bahati mbaya. Nchi iliyo angani ilimpa mwandishi upande wa juu na wa chini, akaziba njia zote za udhuru.

Nasubiri maoni yenu.

MKAZI WA KAYOLE

Nimesoma kwa makini na ninakuheshimu, ndugu, lakini nina pingamizi ambalo siwezi kulimeza. Ukiufanya mto kuwa mtu, unamleta mtuhumiwa yule ambaye kila mwenye madaraka angependa ashtakiwe. Mafuriko yanapotokea hapa, mitaro imeziba, majengo yamesimama mahali pasipostahili na onyo limechelewa. Hayo yana wahusika wenye majina. Hadithi inayosema Mto alikuja na kuchukua inamwachilia kila mmoja wao. Baada ya maji yale ilitolewa amri ya kuhama umbali wa mita 30 kutoka ukingoni, tingatinga zikaja, na waliobomolewa nyumba walikuwa wale wale waliokwisha kuzamishwa. Je, hao nao tuwaambie kwamba ni mambo ya mizimu?

MLETA UZI

Pingamizi hili ni zito, na nakiri kwamba rasimu yangu ya kwanza ilianguka katika shimo hilo hasa. Mto alikuwa jitu la kulipiza kisasi, na wanadamu wote wakawa wahanga sawa, tajiri na maskini, jambo ambalo ni uongo. Ile sheria ya maneno ndiyo iliyoniokoa. Kiumbe anayezungumza kwa vitu vilivyotupwa ndani yake hawezi kuwa mshtakiwa peke yake. Anakuwa shahidi, kwa maana amebeba mwilini ushahidi wa kila mmoja. Katika sura ya tisa anasomewa mashtaka, naye anajibu kwa stakabadhi: kibali kimoja baada ya kingine, kila kimoja na mhuri wake. Hakimu anaomba anyamazishwe. Kisa hicho nisingeweza kukiandika kwa uhalisia, kwa sababu karatasi za aina hiyo huwa hazifiki mahakamani.

Kuhusu mita 30, wewe umelisema vizuri kuliko mimi. Chumba changu kilikuwa ndani ya umbali huo.

MWALIMU WA KISWAHILI

Ninafundisha shule ya upili hapa jijini, na ningependa kuongeza jambo kuhusu ngeli, kwa kuwa uzi huu umenigusa katika kazi ninayoifanya kila siku. Mhariri wako alifuata kanuni, lakini lugha yenyewe inayo milango zaidi ya ule aliouona. Tunawafundisha wanafunzi kwamba viumbe wenye uhai huchukua A-WA hata majina yao yakianza kwa "ki", ndiyo maana tunasema kiboko amelala na kifaru amekimbia. Hata hivyo, tukiingia katika ukubwa na udogo, binadamu mwenyewe hutolewa humo: jitu lile limekuja, kijitu kile kinajifanya. Na methali inasema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Haikusema "akujuaye". Wazee walimpa zimwi kinywa cha kula na akili ya kumtambua jirani, wakamnyima ngeli ya watu.

Kwa hiyo uhamisho wa kisarufi umo katika Kiswahili tangu zamani, na unakwenda pande zote mbili. Ninachokiona katika riwaya yako ni kwamba umempandisha Mto katika mji ambao huwashusha watu. Sikiliza jinsi wachuuzi wanavyotajwa wakati wa kufukuzwa barabarani: "vitu hivi viondoke hapa." Mara nyingine anayesema hivyo hamaanishi bidhaa.

Nina mfano mwingine. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kwamba baada ya riwaya yake "Matigari" kutoka kwa lugha ya Gikuyu mwaka 1986, watu walizungumza kuhusu Matigari anayezunguka nchini akiuliza maswali ya ukweli na haki hivi kwamba serikali ya wakati huo ikaamuru akamatwe, ndipo ikagunduliwa kuwa ni mhusika wa kitabu. Mwaka 1987 nakala zikachukuliwa kutoka madukani. Dola zima lilimweka mtu wa kubuni katika A-WA. Wanafunzi wangu wakiniuliza kama fantasia ina maana yoyote, huwapa kisa hicho na kuwaachia.

MLETA UZI

Mwalimu, asante sana. Huo ushushaji wa "kijitu" na "vitu hivi" nilikuwa nauhisi bila kuwa na maneno yake. Ulipouandika nilikumbuka kwamba Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, aliipa riwaya yake ya mwaka 1995 jina la sayari, Walenisi, na ukilitamka taratibu unasikia "wale ni sisi". Alimpeleka mhusika wake mbali kuliko Shaaban Robert, nje kabisa ya dunia, na jina la mahali alipofika ni sentensi yenye "wale" na "sisi", zote za A-WA.

MZEE WA MALINDI

Wanangu, mimi nilizaliwa Malindi, ingawa nimeishi Pumwani kwa muda mrefu. Huyo Mto wenu sisi tunamfahamu kwa jina jingine. Maji ya Mathare huingia Mto Nairobi, Nairobi huingia Athi, Athi huitwa Galana akishafika mbele, na akikaribia bahari huitwa Sabaki. Mvua zikiwa kubwa huku bara, bahari yetu hugeuka rangi ya matofali. Utotoni tulikuwa tukiona ile rangi, tukiambiwa: bara kuna jambo. Kwa hiyo mwandishi, mtu wako ana majina matano wala si moja, na maneno anayotupiwa Nairobi humwagwa kwetu.

Lingine. Mnapozungumza habari za kubuni na ukweli, msimsahau Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani. Katika utenzi aliotuandikia Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe mwenyewe. Anakwenda kisimani, anapiga goti, anautega upinde, na hapo anakufa, asianguke. Watu wanamwona na wanaogopa kuteka maji. Mji unakaa na kiu kwa kumwogopa maiti, mpaka mamake anakuja kumsihi, na hatimaye mwili unaanguka. Babu yangu akifika hapo hakuwa akisimulia miujiza. Alikuwa akituambia kiu ya mji inavyokuwa.

MLETA UZI

Shikamoo mzee. Nimeyasoma haya mara tatu. Ile sura ya goti kisimani ndiyo niliyokuwa nikiitafuta kila nilipotaka kueleza kwamba ajabu katika hadithi hutakiwa kuwa na uzito wa kitu cha kila siku: shaba, kitovu, ndoo tupu. Na kuhusu Sabaki, umenipa sura ambayo sikuwa nayo. Nitaiandika.

ABIRIA WA SYOKIMAU

Mimi si mwandishi. Hupanda treni Syokimau kila asubuhi kwenda mjini, na kituo hicho kimepewa jina la mwanamke wa Ukambani ambaye husimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akija kutoka baharini, kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899. Hakuwa na neno la treni, akatumia nyoka. Nilipokuwa nikisoma uzi huu nimegundua kwamba nyoka huja, hula na hulala, ilhali reli imelazwa tu. Yeye alisema alichokiona kikifanya.

MKAZI WA KAYOLE

Nimerudi. Sijaliacha pingamizi langu lote, ila nimelipunguza. Nilisoma kwamba Nyuzilandi ilipitisha sheria mwaka 2017 inayoutambua Mto Whanganui kuwa nafsi mbele ya sheria, baada ya Wamaori kudai kwa muda mrefu kwamba mto ule ni jamaa yao. Kwa hiyo kumbe mto ukiwa mtu mahakamani, unaweza kuwa upande wa mlalamikaji. Hilo sikulifikiria nilipoandika mara ya kwanza. Swali langu sasa ni dogo: je, katika riwaya yako Mto alipata kusema "pole"? Na je, mhariri alikubali?

MLETA UZI

Nianze na mhariri. Nilikwenda kumwona nikiwa na mswada na nikamsimulia usiku wa mwiko na bati. Alisikiliza, akachukua kalamu ile ile na kuanza kufuta masahihisho yake, moja baada ya jingine, mbele yangu, bila kuniambia neno. Nilimshukuru na ninamshukuru hadi leo. Alipofika ukurasa wa mwisho alisita, akaniuliza kwa nini pale, baada ya kurasa zote hizo, mimi mwenyewe nimeandika "Mto ulinyamaza". Alitaka kuirekebisha iwe "alinyamaza" ili ilingane na nyingine. Ilikuwa ndiyo sentensi pekee ambayo hakuigusa alipousoma mswada mara ya kwanza, kwa kuwa ndiyo pekee iliyofuata kitabu cha sarufi.

Nilimwomba aiache. Katika sura ya mwisho tingatinga zimepita, na watu wote waliokuwa wakimwita "yeye" wamekwisha kuondoka ukingoni, kila mmoja na bati lake kichwani. Hajabaki mtu aliyeishi naye. Hakuna wa kumtamkia ile "a", na msimuliaji naye amehama, kwa hiyo kinachobaki pale ni mto, wa ngeli ya U-I, unaopita chini ya daraja. "Pole" hakupata kuisema. Ningeweza kumletea neno hilo kwa hila, kwa mfano kadi ya rambirambi iangukie majini sura moja kabla, na nilijaribu, nikaiandika, nikaona kwamba ni mimi niliyeitupa ile kadi wala si mtu wa Mathare. Nikaifuta.

Jirani yangu sasa anakaanga mandazi Githurai, mbali na ukingo. Nilimtembelea mwezi uliopita nikamkuta amekaa kwenye kigoda, karai likiwa motoni, na kabla hajaniuliza habari za watu wa kwetu, aliuelekeza mwiko upande wa Mathare akasema, "Na yeye, hajambo?"